Pindo la vikwembe vya mama

Mama akifa, vikwembe vyake vinaleta maneno. Kila binti anataka kile cha sikukuu, na kitambaa kizima cha yadi 6 kinatoa vikwembe 3 tu. Sisi tuko mabinti 5. Basi kisha matanga tulikata vyote katika vipande vya upana wa vidole 3, tukaviunganisha kuwa mikanda, tukaizungushia blanketi 5.

Kazi yenyewe iko pale kwenye pindo. Kitambaa kinakatwa kwa kufuata uzi wake. Ukikata upande-upande kinavutika, na pindo linacheza kama mawimbi. Tena urefu unapimwa katikati ya blanketi, hapana pembeni, maana pembeni pamekwisha kulegea. Kazi ya haraka-haraka inaonekana mara moja, hata kwa shemeji asiyejua sindano!

Bakuba wa Kasai nao wanashona vipande vidogo kwenye mapindo ya nguo zao za rafia, za sherehe. Lakini nguo hizo nzuri wanamvalisha maiti, anakwenda nazo kaburini. Sisi za mama tuliziacha kwa walio hai. Dada mkubwa hajakubali mpaka leo: blanketi yake iko ndani ya sanduku, hajajifunika nayo hata usiku mmoja.