Kitabu kwanza, filamu nyuma

Siku ya posho iliyopita tuliwaonyesha watoto wetu filamu ya Narnia, ile ya 2010 juu ya safari ya merikebu. Mbele ya hapo tulikuwa tumewasomea kitabu chake, cha C. S. Lewis, jioni kwa jioni, tukigeuza Kifaransa kwa Kiswahili.

Watoto walingojea sehemu moja: Eustace, kijana wa choyo aliyegeuka joka. Katika kitabu anajivua ngozi mara tatu, lakini angali joka. Ndipo Simba Aslan anamchuna kwa makucha. Inamuuma sana. Kisha anamtupa majini, naye anatoka akiwa mtoto tena.

Katika filamu, Simba anakwaruza mchanga tu, mwangaza unawaka, basi. Tena wameongeza ukungu wa kijani na kazi ya kukusanya panga saba, mambo ambayo kitabuni hayamo.

Mvulana mmoja, aliyefika kwetu akikimbia vita, mwepesi wa kupigana, alinung’unika: “Mwalimu, hata hakuguswa!” Tulikosa jibu. Yeye anajua kuacha hasira kunauma.

Siku ya kwanza alikuja kuomba tumsomee ukurasa ule tena. Tukamsomea.

Wamama, hatukatazi filamu. Lakini tuwape watoto hadithi kwanza, kwa sauti zetu. Asiyejua kusoma, asimulie zile za bibi yake. Ukurasa mmoja kila jioni unatosha.