Muziki Usiodai Kusikilizwa

Ndugu msomaji, huenda nawe umezoea kwamba muziki ni lazima uwe na mwimbaji, magitaa na ngoma ya kuinua miguu. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mwenzangu wa chumba cha habari aliponipa kanda ya kaseti yenye muziki mtupu wa kinanda cha umeme, bila ngoma wala neno hata moja, niliisikiliza kwa dakika tano nikaizima. Mke wangu, aliyekuwa jikoni, akauliza, "Baba Neema, hizo nyimbo hazijaanza tu?"

Kanda hiyo ilikaa kabatini mpaka mwaka 2022, baba yangu alipopatwa na kiharusi. Mzee alikuwa kuli bandarini kwa miaka mingi, na sauti yake ilijulikana mtaa mzima. Ugonjwa ulimwondolea maneno yote. Tukamchukua nyumbani kwetu Temeke tumuuguze, na bila kukusudia tukaanza kumtesa. Wageni walimsemesha kwa kelele kana kwamba ni kiziwi. Watoto waliwasha televisheni wakidhani wanamchangamsha. Mimi nilimsomea gazeti tangu ukurasa wa kwanza hadi wa michezo, kwani nakiri kwamba nilikiogopa kimya chake. Kila nilipolifungua, mzee aligeukia ukutani.

Jioni moja ya masika umeme ulikatika. Nikaichukua redio kaseti, ambayo betri zake zilikuwa zimechoka, na gizani nikatumbukiza kanda ya kwanza niliyoishika. Ilikuwa ile ile. Muziki ulitoka kwa sauti ya chini na polepole kuliko kawaida. Angekuwa mwimbaji, angesikika kama mlevi. Lakini muziki huu hauna mapigo ya kuharibika. Ukachanganyika na mvua iliyokuwa ikipiga bati. Niliponyosha mkono niongeze sauti, mzee alinishika kwa mkono wake uliosalia na nguvu, akanizuia. Hakuniachia. Tukakaa hivyo mpaka upande wa kanda ulipokwisha na kitufe kikaruka.

Baadaye nilisoma asili ya muziki huo, nikastaajabu. Kumbe nao ulizaliwa kitandani mwa mgonjwa! Mwezi Januari, 1975, mwanamuziki wa Uingereza, Brian Eno, aligongwa na teksi mjini London. Akiwa anauguza majeraha nyumbani, rafiki yake alimletea santuri ya muziki wa kinubi. Aliiweka kwa taabu, na aliporudi kujilaza akagundua kwamba sauti ilikuwa chini mno na upande mmoja wa spika haufanyi kazi. Hakuwa na nguvu za kuinuka tena. Akabaki akisikia kinubi na mvua kwa pamoja, akafahamu kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya chumba, kama ulivyo mwanga wa dirishani.

Mwaka huo huo alitoa Discreet Music. Alitumia vinasa sauti viwili: kimoja kikinasa, cha pili kikiirudisha sauti ile ile baada ya kitambo, hata milio michache ikawa inarudi na kupishana kwa takriban nusu saa. Ndicho kipande kilichojaza upande mmoja wa kanda yangu ya dakika 60. Baadaye akatoa Music for Airports, muziki wa kuwatuliza watu wanaosubiri safari.

Nasi tulikuwa tukisubiri. Tangu siku ile, kila jioni niliweka kanda, nikavuta kigoda, nikanyamaza. Ilipochomoka na kujisokota, niliirudisha kwa kuizungusha na kalamu, mzee akinitazama. Alitutoka mwanzoni mwa mwaka 2023, bila kupata kusema tena. Nazijutia zile wiki za magazeti. Sijutii hata dakika moja ya zile nusu saa.

Ndugu msomaji, ikiwa unaye mgonjwa nyumbani, si lazima uitafute kanda hii. Punguza sauti ya redio, mshike mkono, ukae naye. Mtu asiyeweza kujibu hahitaji kuhutubiwa. Anahitaji kujua kwamba hujaondoka.