Kadi Isiyotumika

Rekodi ya kwanza niliyomfanyia Nkambo, mama wa mama yangu, ina dakika 42, na ndani yake tunasikika watatu: yeye, mimi, na feni ya kompyuta yangu.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao joto la Kolwezi hukaa kichwani mpaka mvua zishike. Chombo cha kurekodia cha idara kilikuwa kwa mwanafunzi mwingine, basi nilichomeka maikrofoni kwenye kompyuta, nikaiweka juu ya kiti cha plastiki, Nkambo akaanza. Alieleza kwa Kisanga jinsi babu yake alivyoyeyusha mawe ya kijani mpaka yakatoa mukuba, yaani shaba: nani alikata kuni, nani alivuta viriba, nani alikatazwa kukaribia tanuri. Nimeyasoma mambo hayo kwa Kifaransa, yameandikwa na wanaume. Kuyasikia kwa Kisanga, kutoka kwa mwanamke, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Alipofika kwenye viriba, feni ikaanza kulia kama pikipiki inayopanda mlima na abiria wawili. Nkambo akanyamaza, akaitazama, akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa: “Mwana, mashini yako iko natumika sana.”

Nilicheka. Usiku nilipofungua rekodi katika Praat sikucheka tena. Kisanga ni lugha ya toni, na wazee hupunguza sauti wanapokaribia mwisho wa sentensi. Hapo hapo ndipo feni ilipommeza Nkambo. Mstari wa buluu unaoonyesha kimo cha sauti ulikuwa umekatika vipande vipande kama barabara iliyoliwa na mvua. Nikajaribu kuondoa uvumi kwa Audacity. Uliondoka, ukaondoka na konsonanti zake: [s] na [f] nazo ni uvumi, na programu haijui upi ni wa mashine na upi ni wa bibi yangu.

Kwanza nilishtaki vumbi. Fundi mmoja sokoni alifungua kompyuta akatoa vumbi jekundu la barabara ya malori ya madini, karibu kijiko kizima. Alinionyesha pia kibomba cha shaba kinachobeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye feni. Nilikipiga picha. Nkambo alipoiona aliuliza kama ni mukuba wa hapa. Mukuba ni mukuba, nikamjibu, mji wake haujulikani kwa kuutazama. Hakuridhika. Joto nalo lilishuka digrii nne tu.

Kosa lilikuwa langu. Kompyuta kama yangu ina kadi mbili za picha: ndogo, iliyo ndani ya prosesa, inayotosha kabisa kuandika tasnifu, na kubwa, ya michezo na kazi nzito, inayokula umeme na kutoa joto. Mwaka 2010 Nvidia ilileta mpango ulioitwa Optimus, ambao chini ya Windows uliziwezesha kadi mbili kupokezana bila mtumiaji kujua. Watu wa Linux walisahauliwa. Waliojitolea walijitengenezea njia yao, mradi wa Bumblebee, na mwaka 2012 huko Finland Linus Torvalds aliitukana kampuni hiyo mbele ya kamera, kidole kikiwa juu. Siku hizi mambo yametulia, ila bado inafaa umwambie mashine unachotaka. Mimi, siku niliyoweka Ubuntu, nilichagua kadi kubwa ifanye kila kitu, nikidhani nanunua mbio. Amri ya sensors ilinionyesha digrii 79 huku nimefungua faili moja la maandishi: sufuria ya harusi kwa kikombe kimoja cha chai.

Nikaandika prime-select on-demand, nikazima, nikawasha. Digrii 67. Afadhali, lakini feni bado. Ilinichukua jioni mbili kuelewa, na jioni ya kwanza umeme ulikatika saa moja usiku. (Waya mkubwa wa kutoka Inga, kilomita zipatazo 1,700, unaishia Kolwezi tangu mwaka 1982. Nkambo anakaa na mshumaa.) Kumbe kadi kubwa ilikuwa haipewi kazi yoyote, na bado haikulala. Ndani ya mafaili ya mfumo, kila kifaa kina faili liitwalo control, na katika lile la kadi yangu kulikuwa na neno moja: on. Nikaandika auto. Baada ya muda mfupi hali yake ikabadilika kuwa suspended, joto likashuka hadi digrii 50, feni ikanyamaza. Betri, iliyokuwa ikikata roho baada ya saa moja na nusu, sasa inafika saa tatu. Nikatunga pia kanuni ndogo ya udev ili neno lile lisirudi kila ninapowasha.

Ndipo nikamkumbuka Nkambo. Katika Kiswahili cha vitabu, kutumika ni kuwa chombo mkononi mwa mtu. Kwetu Katanga, kutumika ni kufanya kazi. Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kadi yangu haikutumika hata kidogo. Kwa Kiswahili cha Kolwezi, ilitumika usiku na mchana. Walimu wangu wa sekondari waliniwekea alama nyekundu kwa matumizi yale ya pili. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiyaweka mawili pamoja unapata maelezo kamili ya ugonjwa.

Nilirudi kwake na mashine iliyo kimya. Alisimulia safari ya kuuza shaba, na ndoa ya babu yake, vizuri sana. Rekodi ni safi kama maji ya chupa. Nilipomwomba arudie habari za viriba alikataa: “Ile nilisha kuloba.”

Basi tunafanya hivi. Jumamosi namvisha visikilizio, namchezea rekodi ya kwanza, sentensi moja moja, naye anarudia taratibu miisho ile iliyomezwa. Mara nyingine anajibishana na sauti yake mwenyewe, anasema yule mama amekosea. Nayaandika yote mawili. Mpaka sasa tumemaliza dakika 11.