Mwalimu wa Hesabu

Wako waandishi wapendwao kwa uzuri wa lugha yao. Aleksandr Solzhenitsyn wa Urusi mimi nilimpenda kwanza kwa kazi yake, maana alikuwa mwalimu wa hesabu kama nilivyo mimi.

Alizaliwa mwaka 1918, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Alisoma hesabu katika chuo kikuu cha Rostov, kisha akapigana na Wajerumani hata akapata cheo cha kapteni wa mizinga. Februari 1945, angali vitani, alikamatwa. Kosa lake lilikuwa barua alizomwandikia rafiki yake, ambamo alimteta Stalin. Kwa barua hizo alihukumiwa kifungo cha miaka minane.

Fikiri, ewe msomaji, hali ya mtu mwenye tungo kifuani asiyeweza kuweka maandishi. Katika kambi ya Ekibastuz, Kazakhstan, aliandika mistari michache juu ya kipande cha karatasi, akaihifadhi moyoni, kisha akakichoma. Ili asipoteze hesabu, wafungwa Wakatoliki wa Lithuania walimtengenezea tasbihi ya punje za mkate, akawa anazihesabia mistari yake. Mwisho wa kifungo alikuwa na mistari ipatayo 12,000 kichwani. Wanafunzi wangu hunung'unika kwa beti kumi!

Alipotoka kambini alipelekwa uhamishoni, akaugua saratani, akapona. Baadaye alifundisha katika mji wa Ryazan: mchana alishika chaki, na kwa siri alishika kalamu. Novemba 1962, kwa idhini ya Khrushchev mwenyewe, riwaya yake fupi juu ya siku moja ya mfungwa Ivan Denisovich ilichapishwa Moscow. Mlango ule haukukaa wazi. Mwaka 1969 alifukuzwa katika chama cha waandishi. Mwaka 1970 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Na Februari 1974, baada ya kitabu chake kikubwa juu ya makambi kutolewa Paris, alinyang'anywa uraia na kutolewa nchini. Alirudi mwaka 1994, akafariki Moscow mwaka 2008.

Vitabu vyake vinene juu ya mapinduzi ya 1917, nasema kweli, vilinichosha. Lakini ile riwaya fupi hainichoshi. Haina matusi wala kilio. Shukhov, mkulima aliyefungwa bure, anajenga ukuta katika baridi kali, naye anaunyosha kama ukuta wa nyumba yake, asitake kuacha kazi hata kengele ikilia. Usiku analala ameridhika, kwa kuwa siku ile haikumdhuru.

Kifungo chake kilikuwa cha miaka kumi, na kitabu kinazitaja siku zake: 3,653. Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo, nao wakapata 3,650. Zile tatu ni za miaka mirefu, na Shukhov alidaiwa nazo pia.