Ngoma Zipi kwa Kinanda cha Kuvuta?

Wengi wenu mwakijua kinanda kile kidogo cha kuvuta na kusukuma, chenye vifungo kumi upande wa kuume. Kimoja kimetufikia hapa Kalembe, nasi vijana wa kwaya tukaazimia kujifunza kupiga ngoma za wazee. Kumbe kazi ya vidole ni nyepesi kuliko kazi ya kuchagua!

Kwetu ni mpakani mwa Masisi na Walikale, katika njia itokayo Mweso kwenda Pinga. Sokoni utasikia Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, na kila lugha ina ngoma zake. Ukianza na wimbo wa upande mmoja, wengine huuliza, Na sisi je? Si swali dogo. Vita vya mwaka 1993 vilianzia Walikale vikaenea Masisi, jirani akamwinda jirani kwa ajili ya kabila; na Oktoba 2024 mapigano yalifika Kalembe penyewe.

Tulianza vibaya. Tulitwaa wimbo wa mavuno wa Wahunde kwa sababu ulikaa vidoleni upesi. Bibi mmoja alicheza hatua tatu, akasimama. “Wajukuu wangu,” akasema, “huu ni wimbo wetu, lakini mmeuvika viatu.”

Tulimwomba auimbe peke yake, tukimpigia makofi. Ndipo tulipoona kosa: sauti zake ni tano tu, nasi tulikuwa tumechomeka fa na si, kama tulivyozoea katika tenzi za kanisa. Tena kinanda hiki kina tabia yake. Kifungo kilekile hutoa do ukisukuma na re ukivuta, na kila badiliko la mkono hutoa mshtuko mdogo. Mshtuko huo ukiangukia pamoja na mguu wa mchezaji, ngoma inachangamka. Ukianguka kando, mchezaji anajikwaa. Basi siku hizi twatazama miguu kwanza, vifungo baadaye. Wimbo usiokubali twauachia ngoma na njuga.

Nyingine tumeziacha makusudi. Nyimbo za jando si za uwanjani. Nyimbo za kusifu mikuki, hapa petu, hapana kabisa. Hata zile za hadithi ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck aliiandika kwa Wanyanga mwaka 1956, zamtaka msimulizi wake. Bila yeye ni kiitikio kisicho na kiongozi.

Camille Feruzi alisifika Léopoldville kwa akodioni, na Wakikuyu wa Kenya wana mwomboko, ngoma iliyokua pamoja na kinanda hicho. Sisi haja yetu ni nyingine: ngoma ilikuwapo kwanza, kinanda ni mgeni. Nao Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake.

Sasa tunazo tatu: ule wa mavuno, bila viatu, mmoja wa arusi wa Wanyanga, na ikinimba ya wenzetu wasemao Kinyarwanda. Nani atangulie? Tulipiga kura kwa punje za mahindi ndani ya kofia, wakatoka Wanyanga. Bibi hakununa. Ataka wake uwe wa mwisho, maana, asema, huo ndio watu watakaokwenda nao nyumbani. Shida iliyobaki ni kifungo cha nne: kinakwama kila mvua inaponyesha.