Sikio Linauma, Kumbe ni Taya

Muhula huu sisi mafrateri wa bweni moja tumejifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya Falsafa, na mwenzetu anayehusika ameturuhusu tuwashirikishe.

Yeye ni mwimbaji wa besi. Alianza kulalamikia sikio la kushoto: linauma kwa ndani, mara linaziba kama la mtu aliyetoka kuogelea, na usiku linapiga mlio mwembamba usiokoma. Alipewa dawa ya matone, akamaliza dozi, maumivu yakabaki palepale. Akasafishwa nta, wapi! Kila aliyemchungulia alisema ngoma ya sikio ni nzima. Hapo ndipo hofu ilipoanza. Aliacha kwaya bila kueleza sababu, na baadaye sana akatuambia swali lililokuwa likimnyima usingizi: padre asiyesikia atakaaje kitubioni, mahali ambapo watu hunong'ona? Hatukuwa na jibu la kumpa.

Aliyefumbua fumbo ni daktari wa meno, ambaye mwenzetu alimwendea kwa ajili ya jino lililomeguka. Kabla ya kuligusa jino, alimwekea vidole mbele ya masikio, akamwambia afungue kinywa na kukifunga. Taya likalia "ta!" Akamwuliza, "Frateri, usiku unasaga meno?" Yeye hakujua. Sisi majirani wa kitanda chake tulijua vizuri sana.

Msomaji, jaribu mwenyewe. Weka vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua kinywa taratibu. Kinachotembea chini ya vidole ni kiungo cha taya. Kati yake na njia ya sikio kuna ukuta mwembamba tu. Ndani ya kiungo hicho kuna kisahani laini, na kikihama mahali pake taya hulia. Zaidi ya hapo, neva inayoendesha misuli ya kutafuna ndiyo inayoendesha pia msuli mdogo unaokaza ngoma ya sikio, na mwingine unaosaidia kufungua mrija unaotoka sikioni kwenda kooni. Basi misuli ya taya ikichoshwa usiku kucha, ubongo huweza kuyapokea maumivu yake kana kwamba yanatoka sikioni. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii. Alidhani chanzo ni kukosa meno ya nyuma. Maelezo yake hayo hayakubaliki tena, lakini uhusiano aliouona kati ya taya na sikio upo.

Mwenzetu alipimwa pia usikivu, ukaonekana mzuri. Ndivyo ilivyo kwa wengi wenye shida hii: sikio huhisi limeziba, lakini linasikia. Alama nyingine iliyomsaidia daktari ni kwamba alipouma meno kwa nguvu, mlio ulibadilika.

Matibabu yake hayakuwa ya kutisha. Kitambaa cha maji ya moto shavuni, kuacha bigijii, kutopiga miayo kwa kinywa wazi kabisa, na kwa wiki kadhaa kula vyakula laini. (Hapa makande yetu ya Jumatano yalipata mpinzani mwenye cheti cha daktari, na jikoni walimpikia uji.) Alifundishwa pia kukaa midomo imefungwa lakini meno hayagusani, jambo gumu kuliko linavyosikika, hasa mtu anapoandika insha. Mwishowe alitengenezewa kikinga cha plastiki cha kuvaa usiku. Upasuaji ni kwa wachache mno.

Hata hivyo, anayetoka usaha sikioni, anayepata kizunguzungu, au ambaye usikivu umepotea ghafla, asikae akisaga mawazo juu ya taya; amwone daktari wa masikio siku hiyohiyo. Na mafuta ya moto sikioni, tunayoyasikia kila kijiji, tuyaache jikoni.

Besi imerudi kwaya tangu Kwaresima. Mlio haujaisha kabisa, wiki za mitihani huwa unarejea, lakini sasa anajua unatoka wapi na analala. Nasi majirani bado tunamsikia usiku, ila siku hizi ni sauti ya plastiki.