Sura ya staa tunaijua, aliyeichora je?

Wadau, kama unataka kuona mastaa wengi kwa nauli ndogo, usihangaike kwenda Dar. Njoo Mara. Zunguka Nyasho pale Musoma, shuka stendi ya Bunda, pita vibanda vya Butiama. Wamejaa kwenye kuta za saluni za kiume: mchezaji mpira wa Ulaya, rapa wa Marekani, na msanii wetu wa Bongo Fleva aliyechorwa shingo nene kama gunia la dagaa. Wengi wao hawajawahi kukanyaga huku, lakini wanatuangalia tukinyolewa.

Miezi michache nyuma picha ya ukuta mmoja wa Musoma ilizunguka sana kwenye magrupu. Ni mwigizaji wetu wa Bongo Movie, marehemu sasa, jina simtaji. Watu walicheka hadi basi. Mmoja akasema huyo sio yeye, ni shemeji yake. Mwingine akasema mchoraji alikuwa juu ya bodaboda huku anachora. Komenti zikawa nyingi kuliko wateja wa saluni yenyewe.

Aliyechora namfahamu. Ni kaka wa mtaani kwetu, nitamwita Fundi. Huyo mwigizaji hakuwahi kumwona ana kwa ana. Alikuwa na kava la DVD lililopauka na simu yenye kioo kilichopasuka. Anapiga mistari ya chaki ukutani mpaka ipatikane miraba, kisha anahamisha sura mraba kwa mraba, jicho huku, pua kule. Kazi ya siku tatu juani, elfu arobaini, na rangi ananunua mwenyewe. Toa gharama ya rangi uone kinachobaki.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Kule Japani, miaka ya 1790, mji wa Tokyo ulikuwa unaitwa Edo, na mastaa wa mji walikuwa waigizaji wa kabuki, wanaume watupu, hata nafasi za wanawake walicheza wao. Mashabiki walinunua picha zao mtaani kwa bei ya kawaida tu. Zilipigwa chapa kwa mbao: mmoja anachora, mwingine anachonga ubao, mwingine anapaka rangi na kugandamiza karatasi, na kila rangi ina ubao wake. Mwenye duka ndiye anatoa mtaji. Nyumbani ungeibandika kama sisi tulivyobandika mabango ya mastaa chumbani.

Alitokea mchoraji mmoja akijiita Sharaku. Kwa kama miezi kumi tu, kati ya 1794 na 1795, alitoa picha zaidi ya 140. Hakumpamba mtu. Mwenye pua kubwa alimpa pua kubwa, mwanaume aliyecheza kama mwanamke ukamwona ni mwanaume. Halafu akapotea. Mpaka leo wataalamu wanabishana alikuwa nani hasa. Picha zake ziko makumbusho makubwa ya dunia, lakini mwenyewe hajulikani.

Na msiba je? Mwaka 1854 staa mkubwa wa kabuki, Ichikawa Danjuro wa Nane, alijiua akiwa Osaka. Wachapaji wakatoa picha za kumuaga kwa kasi ya ajabu, watu wakazinunua wakilia. Nyingi hazikuwa na jina la mchoraji. Mnakumbuka Aprili 2012 Kanumba alipofariki, Leaders Club ilivyofurika? Basi ndio hivyo hivyo. Mtu akiondoka, tunatafuta sura yake ya kubaki nayo.

Wapo watakaosema, "Hao walibuni, Fundi anakopi tu." Haya. Mwaka 1887 Van Gogh alichukua picha za chapa za Mjapani Hiroshige akazikopi kwa rangi ya mafuta, na yeye alipiga miraba kama Fundi. Leo ziko makumbusho. Na hapa kwetu Mara, Mwalimu Nyerere alichukua tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar akaiweka kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata 1969. Nani alimwambia Mwalimu anakopi? Kazi ya mtu wa mbali ilipita kwenye mkono wake, ikafika kwetu.

Ndio maana zile komenti haziniishi kichwani. Mwenye saluni alizisoma, akaona aibu, akabandika stika ya kuprinti juu ya ile sura. Saluni ya Bunda iliyokuwa imeshakubaliana na Fundi nayo ikaghairi. Wiki moja, kazi mbili zimekwenda. Waliocheka walishahamia kwenye kichekesho kingine. Yeye alikuwa na ada ya mtoto ya kulipa.

Siwaambii kila mchoro ni mzuri. Ile shingo ya gunia hata mimi sitaitetea. Lakini mchoro mbaya una mtu nyuma yake, na mchoro mzuri pia una mtu nyuma yake, ila huyu wa pili hatumuulizii kabisa. Tunapiga selfi na ukuta, tunamtaja staa, tunamtaja kinyozi. Nilimuuliza Fundi kwa nini haandiki jina lake na namba ya simu. Akanijibu, "Mura, nikiandika, mwenye saluni anasema nimemchafulia ukuta."

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukiposti ukuta, uliza nani kauchora, umtaje. Kama una saluni au duka, mwachie kona ya chini aandike jina. Ukuta hautapungua.

Fundi sasa yuko Butiama. Amepata duka moja linalotaka sura ya Mwalimu, na Butiama si pa kubahatisha, maana wapo wazee waliomwona Mwalimu kwa macho yao, wakasalimiana naye njiani. Wakikaa pale kwenye benchi watasema wenyewe kama ni yeye au sio yeye. Safari hii jina lake litakuwepo kona ya chini, mwenye duka amekubali. Ila ilibidi apunguze elfu tano.